Nati, Washa na Macho Mekundu

Kila jioni, mama mdogo alipoanza kupiga pasi sare yake ya uuguzi, Maswali alikuwa na kazi moja: kushika simu na kumsomea kwa sauti. Maswali halikuwa jina lake la kuzaliwa, lakini lile la kuzaliwa hata walimu walikuwa wameshalisahau. Mtoto anayeuliza kwa nini bata halowi, kwa nini kivuli hakina macho na kwa nini mwalimu wa hesabu hacheki, angeitwaje tena?

Mama mdogo alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaani, na mwaka ule alijiunga na kozi ya mtandaoni ya misingi ya epidemiolojia. Mara ya kwanza Maswali alipojaribu kulitamka neno hilo, ulimi ulimkwama katikati.

"E-pi-de-mi-o-lo-jia," mama mdogo alimsaidia huku akinyunyizia kola maji. "Ni elimu ya kuchunguza jinsi ugonjwa unavyosambaa kwa watu. Daktari anamtazama mgonjwa mmoja. Huku tunautazama mtaa mzima na kujiuliza: nani anaugua, yuko wapi, alianza lini? Halafu ndiyo tunauliza kwa nini."

"Kwa nini hiyo 'kwa nini' iwe ya mwisho?"

"Kwa sababu ukianza nayo utakisia tu. Soma, bando linaisha!"

Maswali alicheka na kuendelea. Aliipenda kozi ile kuliko alivyotaka kukiri. Alimpenda mwalimu wa kwenye simu, mzee mwenye miwani aliyezungumza taratibu, na alimpenda zaidi paka wake aliyekuwa akikatiza mezani katikati ya somo bila kuomba ruhusa.

Jioni moja somo lilikatizwa na mtu mwingine. Mama yake Maswali aliingia bila hata kusalimia, akajitupa kitini na kushika tama. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, vitanda na grili za madirisha, na karakana yake ilipakana na uwanja wa shule. Kati yake na uwanja palikuwa na uzio wa waya tu. Mashine ilipoanza kunguruma na cheche kuruka, wanafunzi waliganda kwenye uzio ule wakitazama.

"Mwenyekiti wa wazazi alikuja karakana," mama alisema. "Anasema ugonjwa wa macho uliozuka shuleni umetoka kwangu, kwa ule mwanga. Ijumaa wazazi wanakutana. Wakikubaliana naye, mwenye kiwanja ataniambia nihame."

Ni kweli kwamba macho yalikuwa yakiwasumbua wanafunzi. Yaligeuka mekundu, yakatoa machozi na tongotongo, na asubuhi kope ziligandana hata mtoto akahitaji maji ya uvuguvugu ili aone dunia. Darasa la Maswali lilikuwa limebaki na madawati mengi matupu.

"Uhamie wapi?" Maswali aliuliza.

Umeme wenye nguvu ya kuendesha mashine yake ulikuwa pale, wateja walimjua pale, na karakana ile ndiyo iliyowalisha na kumsomesha Maswali. Bila karakana, hawakuwa na kitu kingine.

"Wanakusingizia, mama!"

"Na kama ni kweli?" mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimi mwenyewe sijui, mwanangu. Kila siku nawaona wamejipanga pale wanatazama."

Mama mdogo alisimamisha pasi. "Dada, mimi nikisimama kukutetea watasema nakutetea kwa kuwa ni ndugu yangu. Hatuhitaji utetezi. Tunahitaji kujua."

"Basi nitachunguza mimi," Maswali alisema, na wala hakuwa anatania.

Mama mdogo alimgeukia. "Haya. Lakini chunguza ili ujue. Usichunguze ili ushinde."

Kesho yake Maswali alipita karakana akachukua kopo la nati. Alijiwekea utaratibu: kila mwanafunzi aliyeugua macho angemuuliza kama amewahi kutazama moto wa kuchomelea. Akisema ndiyo, nati moja ingeingia mfuko wa kulia. Akisema hapana, ingeingia mfuko wa kushoto. Aliwauliza waliokwisha kupona na kurudi darasani. Baada ya masomo akawapitia waliobaki nyumbani, akisimama mlangoni kama mama mdogo alivyomwagiza, bila kumgusa mtu.

Alipofika nyumbani, sketi yake ilikuwa imelala upande mmoja kwa uzito. Aliumwaga mfuko wa kulia mezani. Mfuko wa kushoto haukuwa na kitu.

"Wote," alisema, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Wote walitazama, mama mdogo. Ni mama."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na alisikia kila neno. Alijifunika mdomo kwa kiganja.

Mama mdogo hakushtuka. Alivuta kiti, akazitazama nati zile kwa makini. "Hizi ni za nani?"

"Za wagonjwa."

"Na wazima wako wapi?"

"Wazima wana shida gani? Wako kwao wanacheza."

"Ndiyo maana unalia bure. Hebu niambie, hawa wagonjwa wote wana pua?"

"Wanazo."

"Basi pua ndiyo inayoleta macho mekundu!"

Maswali alitaka kuendelea kulia lakini kicheko kilimponyoka. Hapo ndipo somo la wiki iliyopita lilipomrudia. Mzee wa kwenye simu alisema hivi: jambo walilofanya wagonjwa wote halituambii kitu mpaka tujue kama wazima nao walilifanya. Yeye mwenyewe alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, na bado likampita.

"Nimewasahau wazima," alisema.

"Chukua washa, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya nati, uwahesabie hao," mama alisema kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake alitabasamu. "Nati bila washa inalegea. Hilo nalijua hata bila kozi."

Siku iliyofuata Maswali aliwageukia wazima. Kabla ya kengele ya mchana mfuko wa kulia ulikuwa umejaa washa. Wazima nao walikuwa wametazama! Ni nani katika shule ile aliyewahi kupita karibu na cheche asisimame? Hata yeye Maswali, aliyeshinda karakana kuliko wote na kuchungulia mara kwa mara ingawa alikatazwa, macho yake yalikuwa meupe kabisa. Mwanga ule ulikuwa kama zile pua alizotaja mama mdogo: kila mtu alikuwa nao.

Lakini hilo lilimwambia kisichotofautisha wagonjwa na wazima. Halikumwambia kinachowatofautisha. Akabadili namna ya kuuliza. Hakutaja tena moto wala karakana. Alisema tu, "Nieleze siku yako ya shule, tangu unafika mpaka unaondoka," kisha akajikaza kunyamaza. Kwa mtu wa tabia yake, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Wagonjwa na wazima walieleza mengi, ila jambo moja lilijirudia zaidi midomoni mwa wagonjwa: Nishike Nikujue. Ulikuwa mchezo mpya wa saa ya chakula, nyuma ya madarasa. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, anawakimbiza wenzake, na akimkamata mtu anampapasa uso mpaka amtambue. Aliyetambuliwa anavuliwa heshima na kuvishwa kitambaa. Maswali hakuwahi kuucheza, kwa sababu saa hiyo yeye humpelekea mama chakula.

Mwenye kitambaa alikuwa Kapteni, mtoto wa yule mwenyekiti wa wazazi. Maswali alimkuta bombani. Kapteni ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kuugua, na sasa alikuwa amepona na anatamba kama kawaida.

"Kitambaa chenu huwa mnakifua?"

"Tukifue cha nini?" Kapteni alikitoa mfukoni kwa fahari, kipande cha pazia kuukuu. "Cheusi hiki. Hakichafuki."

Maswali alirudi nyuma hatua mbili.

Palibaki watu wawili waliomsumbua. Mmoja alikuwa msichana mpole wa dawati la mbele, aliyeugua ingawa hakucheza mchezo wowote. Maswali alimfuata tena kwao na kumwomba aeleze siku yake, safari hii kuanzia anapoamka. Kumbe mdogo wake wa kiume alicheza kila siku, na asubuhi walifutia uso taulo moja. Wa pili alikuwa mvulana aliyecheza kuliko wote na hakuugua. "Mimi naogopa giza," alimnong'oneza. "Nakimbia sana ili nisikamatwe. Hawajawahi kunifunga hata mara moja. Usimwambie mtu."

Jioni ile nati na washa zilipangwa mezani upya. Upande wa waliovaa kitambaa ulijaa nati za wagonjwa, washa za wazima zikiwa chache tu. Upande wa wasiovaa ulijaa washa. Mama mdogo alizitazama, akazitazama tena, kisha akampa Maswali mkono kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mwenzake.

Ijumaa wazazi walijaa uwanjani, wengine na watoto wao. Mwenyekiti alizungumza kwa sauti ya kuvuma. Macho ya watoto hayana vipuri, alisema, na karakana ni lazima iondoke. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Mama yake Maswali alikaa mstari wa nyuma, mikono imebana magoti.

Maswali alinyoosha mkono.

"Leo unauliza au unajibu?" mwalimu mkuu alisema, na watu wakacheka.

"Nauliza, mwalimu. Wenzangu ndio watakaojibu."

Aliomba wote waliougua wasimame kushoto mwa bendera, wakiachiana nafasi, na wasiougua wasimame kulia. Kisha akasema kwa sauti thabiti, "Aliyewahi kutazama moto wa kuchomelea, anyooshe mkono."

Mikono ilinyooka kushoto. Ikanyooka na kulia, yote, hata wa mwalimu wa michezo aliyejisahau. Minong'ono ikaanza.

"Shusheni. Sasa aliyewahi kufungwa kitambaa cha Nishike Nikujue."

Upande wa kushoto mikono ilipanda karibu yote. Upande wa kulia ilipanda michache, hapa mmoja, pale mmoja. Wazazi hawakuhitaji kuelezwa. Walikuwa wanaona kwa macho yao. Kapteni alikitazama kitambaa mkononi mwake, akakiachia kikaanguka chini.

Mwenyekiti alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kushindwa mbele za watu. "Sawa, binti," alisema. "Kwa hiyo unatuambia kwamba mwanga wa mama yako hauna madhara yoyote? Watoto waendelee kuutazama?"

Maswali alimtafuta mama kwa macho. Neno moja tu, "ndiyo," na karakana ingesalimika pale pale. Lakini alikuwa anajua. Tangu utotoni mama alimfundisha kugeuza uso mashine inapowaka, na mama mwenyewe hakuwahi kuchomelea bila kofia yenye kioo cheusi.

"Hapana, mzee," alisema. "Una madhara. Mwanga ule unaunguza macho, hata kama maumivu yake hayaambukizi. Ugonjwa huu haukutoka karakana. Ila watoto hawapaswi kutazama pale, na uzio wa waya hautoshi."

Mama aliinamisha kichwa. Maswali alihisi ameivunja karakana kwa mdomo wake mwenyewe.

Kisha mama akasimama. "Amesema kweli," alisema. "Niliwaona wanatazama nikanyamaza, kwa sababu nilifurahi kutazamwa. Nitaziba upande wote wa shule kwa mabati. Nitaifanya kazi hiyo mwenyewe, naanza kesho."

Hapo hapakuwa na wa kupinga. Mwenyekiti alikohoa. "Fundi, mimi nilikuja kwako na maneno makali kabla sijajua. Nyumbani nina mabati yaliyobaki nilipoezeka. Nitakuletea."

Mwalimu mkuu aliagiza kitambaa kichomwe, sabuni iwekwe kila bomba, na anayeugua macho akae nyumbani mpaka apone. Mama mdogo aliwaeleza wazazi kwamba tongotongo hubeba ugonjwa kutoka jicho hadi jicho kupitia kitambaa au taulo, hivyo kila mtoto awe na taulo lake. Nishike Nikujue haukupigwa marufuku. Mchezaji alitakiwa tu kufumba macho kwa uaminifu na kumtambua mwenzake kwa sauti, na mvulana aliyeogopa giza akawa bingwa. Siku zilivyopita madawati yalijaa tena, na macho mekundu yakabaki kuwa hadithi. Mama mdogo naye alifaulu mtihani wa kozi yake, na cheti kilipofika kwenye simu, Maswali ndiye aliyekisoma kwa sauti bila ulimi kukwama.

Siku mama alipokuwa akichomelea nguzo na kufunga bati la mwisho, Maswali alikuwa nyuma yake amegeuza uso, akimpa skrubu moja moja. Mama alivua kofia na kujifuta jasho.

"Yule mwenyekiti alipokuuliza lile swali," alisema, "nilikuombea ufunge mdomo. Nisikudanganye, mwanangu, nilikukasirikia."

"Najua, mama. Niliona."

"Lakini nimefikiri. Ungesema mwanga wangu hauna kosa, nani angeamini lile la kitambaa? Wangesema mtoto anamtetea mama yake. Walikuamini kwa sababu uliusema ukweli hata ulipotuuma sisi. Mtu akitafuta ukweli, asichukue nusu ile inayompendeza akaiacha nyingine. Hiyo nyingine ndiyo iliyotuachia karakana."

Maswali aliokota skrubu nyingine. "Mama?"

"Naam."

"Kama ulinikasirikia, kwa nini ulisimama?"

Mama alicheka mpaka akaegemea bati. "Kwa sababu wewe ulikuwa umeshasimama. Haya, nipe skrubu, na uso geuza kule."

Maswali alimpa skrubu, akageuza uso.