Chupa Ndani ya Friji ya Muuza Nyama

— Nibane kidole, mke wangu. Kidogo tu, nijue umenisamehe.

Seremala aliinama juu ya kitanda cha wodi. Mkono wa mkewe ulilegea kiganjani mwake kama kitambaa kilichotoka majini. Mke alimtazama, machozi yakamlengalenga, akafumba macho. Hakubana.

Seremala hakushangaa. Apandacho mtu ndicho avunacho.

Mwezi mzima alikuwa amemwona mkewe akiingia duka la nyama asubuhi na jioni, akitoka bila hata mfupa. Wivu una macho mengi, akili hauna. Jumatatu alisimama mlangoni pa duka mbele ya wateja.

— Mke wangu huja kununua nini kwako, usichokifunga kwenye gazeti?

— Muulize mwenyewe, Fundi, muuza nyama alijibu huku akinoa kisu. Siri si yangu.

— Mmesikia, jamani? Kumbe ipo siri! Mzinzi mkubwa wewe!

Jioni ile alimkataza mkewe kukanyaga pale. Mke alifungua kinywa, akakifunga, akatii. Alhamisi alitapika, akahema kama aliyepanda mlima. Seremala alimbeba mgongoni hadi hospitali, na hapo mapokezi ujumbe ukaingia kwenye simu ya mkewe:

“Shemeji, siku ya tatu hii insulini yako imo kwenye friji yangu. Sindano ya sukari hairukwi. Mwambie mumeo, au nitamwambia mimi.”

Nyumbani kwao hapakuwa na friji.

Jana, dripu zilipomrudishia mkewe sauti, Seremala alimwuliza:

— Kwa nini ulinificha?

— Ulimcheka jirani mwenye mke mgonjwa kwamba ameoa duka la dawa. Nilikuwa kando yako, namenya vitunguu. Nikayameza yangu.

Na leo hakutaka hata kumgusa. Daktari alipopita, Seremala alimnong’oneza:

— Jana alisema nami. Leo amenisusa, hata kikombe hataki kushika.

— Hataki, au hawezi?

Daktari alimwomba mgonjwa ainue mkono. Kidole kimoja tu kilitikisika. Akasikiliza pumzi zake, uso ukabadilika, akaagiza damu ipimwe upesi. Aliporudi na majibu hakuketi.

— Fosfeti imeshuka mno. Ni madini ambayo misuli haifanyi kazi bila hayo. Mengi aliyapoteza kwa mkojo alipougua. Sasa insulini ileile inayomponya imeyavuta yaliyobaki kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya chembe za mwili. Kwa wengi hushuka kidogo na kupanda yenyewe. Kwake hata misuli ya kupumulia inachoka. Tutamrudishia kwa dripu, polepole, tukimpima.

— Kwa hiyo hakunikataa?

— Fundi, mimi napima damu. Hilo mwulize akipata nguvu.

Seremala alikaa akihesabu pumzi za mkewe, kila moja akiiogopea inayofuata. Kesho yake asubuhi, kidole chake kilibanwa.

— Mungu wangu! Umenisamehe!

— Huko ni kukujulisha kwamba niko hai, mke alisema kwa sauti nyembamba. Mtu wa watu ulimtukana hadharani. Kamwombe radhi hadharani. Kisha uje.

— Nikampigie simu?

— Ulimtukana kwa simu?

Seremala alinyanyuka.

Adhuhuri simu ya mke ililia. Aliinyanyua kwa mkono wake mwenyewe, akasoma:

“Shemeji, amekuja. Amesimama palepale pa Jumatatu, akasema: ‘Nimekuja kuchukua dawa ya mke wangu, ana kisukari. Huyu bwana aliutunza uhai wake, nami nikamwita mzinzi. Nimekosa.’ Foleni ilikuwa ndefu, na nilijifanya kiziwi mara moja ili arudie.”

Mlango wa wodi ulifunguka. Seremala aliingia, kichupa cha insulini kikiwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu iliyofungwa kitambaa, amekikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

 Mke alimnyooshea mkono.