Flashi ya Ijumaa

Kila Ijumaa saa kumi jioni, Kezia wa darasa la sita alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine pale mtaani Hamugembe, Bukoba, aliyekuwa nayo. Alichomeka flashi nyeusi kwenye laptopu ya mama yake, akanakili folda ya mahojiano, kisha akapanda nayo mlima wa Kibeta hadi kibandani kwa Rutashobya, fundi wa kompyuta. Huko aliifungua kwenye kompyuta ya fundi kuhakikisha inasoma. Akirudi nyumbani aliandika kwenye daftari, "Nimefungua kwa fundi. Inasoma," na kuweka sahihi yenye mkia mrefu kuliko wa tumbili.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Mama yake, Anatolia, aliajiriwa na ofisi ya utafiti ya Dar es Salaam, lakini ofisi yake yeye ilikuwa meza ya chakula. Alikuwa akiwarekodi wakulima wa Kishanda, kule Muleba, wakieleza jinsi ugonjwa wa mnyauko unavyomaliza migomba yao, kisha akizihamishia rekodi kwenye laptopu na kuyaandika maneno yao yote. Intaneti ilisuasua, rekodi ndefu za sauti hazikuweza kutumwa. Kwa hiyo ofisi iliagiza kila anayefanyia kazi nyumbani awe na nakala ya pili, na aijaribu kwenye mashine nyingine.

"Wewe umesoma kompyuta shuleni, unanishinda," mama alimwambia Kezia. "Kazi hii ni yako."

Kezia aligundua njia ya haraka. Badala ya kusubiri folda inakiliwe nusu saa, alinakili kile kialama cha kubofya ili kuifungua, kilichokaa mbele kwenye kioo cha laptopu. Sekunde mbili, tayari! Akaifungua flashi palepale kwenye laptopu, mahojiano yote yakaonekana. Sasa kupanda mlima wa Kibeta kwa nini, wakati wenzake wanaanza mchezo wa rede? Akaandika kwenye daftari kwamba amekwenda, akaenda kucheza. Alifanya hivyo kwa miezi minne.

Jumatatu moja ya mvua, radi ilipiga karibu na nyumba. Laptopu ilikuwa inachajiwa. Ilitoa moshi, ikazima kabisa. Mama alishtuka, halafu akacheka. "Aa, tuna flashi bwana!"

Akaichukua, akaenda kwa jirani yao, mwalimu Jesca, kuazima kompyuta. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Kezia, kwenye flashi hakuna mahojiano. Nani ameigusa?"

Avit, mtoto wa mjomba, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alikuwa ameletwa kutoka Kishanda asome mjini. Kezia akatazama mlango wa jikoni.

"Avit aliichukua. Alikuwa anaweka nyimbo."

Avit akatoka na kisu mkononi. "Shangazi, mimi sijawahi hata kuishika!"

"Nyamaza!" Anatolia alipiga kelele. "Nimekutoa shamba, nimekuvisha viatu, halafu unanifutia kazi ya miezi minne! Kuna watu hata ukiwaleta mjini, tope halitoki kichwani."

Avit aligeuka akamtazama Kezia. Kezia akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake wa shule, na hakukuwa na kitu cha kutafuta.

Kesho yake msimamizi wake wa kazi akapiga simu kutoka Dar. "Mama, una wiki mbili. Bila mahojiano, mkataba umekwisha." Anatolia alikata simu, akamwambia Avit afunge begi lake arudi kwa bibi. Kezia ndiye aliyeambiwa amkunjie nguo.

"Si useme tu?" Avit alimnong'oneza.

"Niseme nini?" Kezia akafunga zipu.

Shuleni watoto walipouliza Avit yuko wapi, Kezia aliwaambia amefukuzwa kwa kuharibu flashi. "Mshamba kala flashi akidhani ni karanga!" mmoja akasema. Kezia alicheka kuliko wote.

Jumamosi mama alimchukua waende kwa fundi, labda mahojiano yangeweza kurudishwa. Rutashobya aliichomeka flashi, akacheka kidogo.

"Hakuna aliyefuta kitu hapa, mama. Aliyenakili alichukua kialama, akaiacha folda yenyewe kwenye laptopu. Hiki ni kibao tu cha barabarani, kinasema 'nyumba iko kule'. Sasa nyumba imeungua, utalala kwenye kibao? Mngeijaribu hapa kwangu siku moja tu, tungeona."

"Lakini huyu anakuja kila Ijumaa!" Anatolia alisema. "Daftari ninalo."

Fundi alimgeukia Kezia. Utani ulimwisha usoni. Fundi angeweza kusema kwamba hajawahi kumwona, lakini alisubiri aseme mwenyewe.

"Sijawahi kuja, mama," Kezia alisema. "Hata mara moja. Na Avit hakuigusa."

Mama hakumpiga. Afadhali angempiga. Alisema tu, "Twende Kishanda," wakapanda basi la Muleba.

Walimkuta Avit kwenye kibanja, shamba la bibi la nyumbani, anang'oa migomba iliyougua. Anatolia alipiga magoti mbele yake, kwenye majani.

"Waitu, jamani, Anatolia!" bibi Gaudiosa alishangaa. "Unampigia magoti mtoto?"

"Nilimtukana bila kuuliza, mama. Avit, nisamehe."

"Nisamehe na mimi," Kezia alisema.

Avit alijifuta mikono. "Nimewasamehe. Lakini hapa wananiita mwizi aliyefukuzwa mjini. Hata dukani situmwi."

Anatolia alimpigia msimamizi, akaeleza ukweli wote. Kisha, kwa muda uliobaki, alizunguka kwa wakulima walewale kuwahoji upya. Kezia alikuwa anatangulia kwenye kila nyumba kusema ni nani aliyeharibu kazi. Wengine walimcheka, wengine walimfokea. Mzee mmoja alikuwa ameshazikwa. Maneno yake hayakupatikana tena. Yaliyopatikana yalifika Dar siku ya mwisho, na mkataba ukapona.

Avit alirudi Bukoba na shuleni. Kila asubuhi alimsalimia Kezia vizuri, kama mtu anavyosalimia mgeni.

"Mama, alisema amenisamehe," Kezia alilalamika. "Mbona hachezi na mimi?"

Anatolia aliweka kalamu chini. "Kunakili vibaya ni kosa la kawaida. Na mimi nilikosa: kazi yangu nilimwachia mtoto, nikaamini daftari bila kukagua. Lakini kumtaja Avit hukukosea, mwanangu. Ulichagua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mtu anaumia badala yako. Kusamehewa umesamehewa. Kuaminiwa kutachukua muda, na muda huo anaupanga Avit, si wewe."