Kayongo Chini ya Mahindi

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na mama tulipalilia mistari minne ya mahindi. Yeye miwili, mimi miwili. Shamba letu liko mteremkoni juu ya Mbita, na ukinyoosha mgongo unakiona kisiwa cha Mfangano ziwani. Mama hakupenda watu wa kunyoosha mgongo. "Ziwa halipaliliwi, Lynnet," alikuwa akisema. "Inama."

Niliinama, ila kwa shingo upande. Nilikuwa Gredi ya Saba, nimekariri mafungu ishirini na matatu ya Biblia, na jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watakaobatizwa Sabato ya mwisho ya Juni. Sikuona kwa nini mtu kama mimi apigwe na umande kwa ajili ya magugu.

Gugu lililotusumbua zaidi lilikuwa kayongo. Ni fupi, lina maua ya zambarau, na ukilitazama utadhani limepandwa kwa urembo. Mama alitaka ling'olewe lote na mizizi yake. Mimi nilikuwa na haraka, kwa hiyo nilikuwa nakata maua kwa kisu na kusonga mbele. Ukisimama nyumbani, mistari yangu ilionekana safi kuliko ya mama.

Kanisani kwetu kuna klabu ya vijana yenye ngoma kubwa ya ngozi, na mtunzaji wake alikuwa Austine, mvulana wa darasa langu. Jumapili moja mwezi wa Mei aliitwa nyumbani kabla ya mazoezi kwisha. "Ukimaliza, irudishe stoo," aliniambia. Sikuirudisha. Niliiacha nyuma ya kanisa nikaenda ziwani na rafiki yangu Valentine. Kesho yake ngoma ilikutwa haina ngozi. Mbwa walikuwa wameila yote.

Mzee wa kanisa, Mzee Jeremiah, alituita mbele ya klabu nzima. Austine alisema aliniachia mimi ile ngoma.

"Ni kweli, Lynnet?" Mzee Jeremiah aliuliza.

"Si kweli. Nilimrudishia mkononi," nilijibu bila kupepesa macho.

Mzee aliniamini. Akamwambia Austine atubu, asipotubu hatabatizwa.

"Siwezi kutubu kosa ambalo si langu," Austine alisema.

"Basi jina lako linatoka."

"Basi litoke, mzee."

Wenzetu waliguna. Walisema Austine ana kiburi, nami nikaguna pamoja nao. Aibu ya kuguna kule naikumbuka mpaka leo.

Wiki zilipita. Nilikuwa naomba usiku na asubuhi, mama akinisikia, lakini maneno yalikuwa makavu mdomoni. Nilimkasirikia Mungu kwa kunyamaza. Nilimkasirikia Austine zaidi, kwa sababu kila tulipokutana njiani alinitazama tu, wala hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya ubatizo mama aliponiita shambani. Mahindi yake yalikuwa yamefika kifuani. Yangu yalikuwa magotini, majani yamegeuka manjano kana kwamba hayajawahi kuona mvua.

"Hii ni nini?" mama aliuliza.

"Udongo wa huku ni mbaya."

"Kutoka mstari wangu kwenda wako ni hatua moja. Udongo umebadilika kwa hatua moja?"

"Labda mbegu ilikuwa mbovu."

Mama hakubishana nami. Alichimba shina moja la mahindi taratibu, akalitikisa udongo, akanionyesha. Mizizi ya kayongo ilikuwa imejishika kwenye mizizi ya mahindi, imeng'ang'ania kama kupe.

"Hapa ndipo inapokula," alisema. "Kayongo hukaa chini wiki nyingi ikinyonya, hakuna anayeiona. Siku unayoliona ua, imeshashiba. Na wewe ukakata ua. Ulitaka kumdanganya nani, mimi au mahindi?"

Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Badala yake likatoka lingine. "Mama, ile ngoma niliiacha mimi. Nilidanganya."

Aliliweka shina chini. Nilitarajia kofi. "Unaniambia mimi ya nini?" alisema mwishowe. "Mimi si Austine."

Kesho yake nilimwambia Valentine nimeamua kusema ukweli. Alishtuka. "Acha wazimu. Zimebaki siku mbili. Shangazi yako anavuka kutoka Mfangano kuja kukuona. Funika kombe mwanaharamu apite. Tubu moyoni, Mungu anasikia."

"Mungu anasikia. Austine je?"

"Watakuondoa, Lynnet."

"Waniondoe," nilisema.

Siku ya Sabato wanaobatizwa waliitwa mbele, mmoja mmoja aseme fungu lake. Zamu yangu ilipofika sikusema fungu. Nilisema, "Ngoma niliiacha nje mimi. Austine alisema kweli, mimi nikamwita mwongo." Shangazi, aliyekuwa benchi la mbele, aliinamisha kichwa.

"Ungekuja kwangu faraghani," Mzee Jeremiah alisema.

"Nilimsingizia mbele ya watu, mzee. Toa jina langu, urudishe lake."

Mzee alivua miwani akaifuta. Kisha akamgeukia Austine na kusema mbele ya wote kwamba yeye pia amemkosea, maana aliamini mafungu ya kukariri kuliko neno la mtoto mkweli. Jina lake lilirudi, langu likasubirishwa hadi Desemba. Jioni ile Austine aliingia ziwani kubatizwa na shati la shule, kwa kuwa hakuwa na vazi lingine tayari. Nilisimama ufukweni nimeuma meno. Niliumia, sitaficha, lakini sikujuta.

Alipotoka majini nilimpa mkono. Hakuupokea. "Bado nina hasira," alisema. "Jumapili uje mapema tuitafutie ngoma ngozi." Nilikubali, na Jumapili nilifika kabla yake.

Jumatatu asubuhi mama alinikuta shambani nang'oa kayongo, mzizi kwa mzizi. Alinipa mfuko wa mbegu ndogo za desmodiamu, mmea unaotambaa kati ya mistari ya mahindi na kuizuia kayongo isishike mizizi.

"Kung'oa ni nusu ya kazi," alisema akipiga magoti kando yangu. "Uwongo ni hivihivi. Ulianza kukunyonya siku ile ile uliposema 'nilimrudishia', ndiyo maana maombi yako yalidumaa. Sasa umeung'oa, vizuri. Lakini nafasi ukiiacha wazi, utarudi. Panda kitu hapo. Sema kweli kwenye mambo madogo kila siku, omba bila kuigiza, timiza ulichoahidi. Imani haikui kwa kuonekana safi kutoka mbali."

"Mistari hii itazaa mwaka huu?"

"Haitazaa."

"Na nikishindwa tena, mama?"

"Utashindwa mara nyingi," alisema, akanisogezea jembe. "Ndiyo maana tunapalilia kila asubuhi."