Kona ya Geti la Pili

Simu ilitetema juu ya sinia la bati, grrr, grrr, gizani, kabla ya kengele ya misa ya kwanza. Gaudensia aliiangalia ikitambaa mpaka ikanyamaza. Ilikuwa mara ya tisa tangu juzi. Akarudi kukanda unga wa maandazi, binti yake Emelyne akiwa bado amelala, na unga wenyewe asubuhi hiyo ulikiona cha moto.

Aliyepiga ni Ladislas. Walikutana mwezi wa kumi, siku ya usajili, katikati ya msongamano wa wanafunzi kwenye tawi jipya la chuo kikuu pale Mpanda. Gaudensia, kavaa gauni la kitenge chenye maua ya njano, alikuwa akitafuta darasa la masomo ya jioni. Ladislas, mwanafunzi wa kompyuta, shati kalichomeka upande mmoja, akacheka.

"Dada, umenipita mara tatu. Unanitafuta mimi?"

"Ningekuwa nakutafuta wewe ningeshakata tamaa."

Utani huo ukazaa mapenzi, ukazaa na programu ya simu: akili mnemba ya kuelekeza watu njia chuoni, inayojifunza majina ya sehemu kwa jinsi wanafunzi wanavyoyaandika wakiulizana. Jioni tatu nzima Gaudensia aliirekodia sauti yake.

"Sauti yako haimharakishi mtu, mpenzi," Ladislas alimwambia. "Hata mgeni wa kutoka mbali kule Mishamo atafika."

Juzi programu ikazinduliwa. Wageni wamejaa ukumbini, mkuu wa tawi akaiuliza njia ya maktaba. Sauti ya Gaudensia ikajibu kwenye spika, tamu, taratibu: "Nyoosha mita mia mbili. Ukifika kwa Singo Maza, pinda kulia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kila mwanafunzi aliijua kona ile ya geti la pili, Gaudensia anapouzia maandazi kabla ya kipindi. Asiyejua kwamba inaitwa hivyo alikuwa yeye peke yake.

Kulipoanza kupambazuka, Ladislas akafika mwenyewe nyumbani kwa Gaudensia, mtaa wa Kawajense.

"Hodi."

"Hakuna mtu."

"Gau, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi mlangoni kwangu. Niite lile la kwenye spika."

"Sikuliandika mimi. Mashine imeliokota kwa wanafunzi."

"Mashine haina mdomo, Ladislas. Umeiazimia wangu, halafu ukanitukana nao. Na majina yote uliyapitia, uliniambia mwenyewe."

Ladislas akavua kofia. Angeweza kudanganya.

"Nililiona. Nimelizoea, nikaona ni jina la kona tu. Sikukumbuka kuna mtu ndani yake."

Gaudensia akaubamiza unga mezani.

"Baba yake Emelyne alipoondoka, mtaa mzima ulinisema. Sikulia. Juzi nimelia. Kwa sauti ileile mliyokuwa mnaichekea."

"Nimeizima programu yote. Chuo wamenijia juu, waje tu. Haiwaki mpaka wewe useme. Ukitaka, sauti yako naitoa."

"Nani kasema utoe sauti? Nimeihangaikia. Toa jina."

"Basi niandike kwa Mama Emelyne," akasema kwa heshima zote.

"Nyie wanaume! Kila jioni nasoma, mtoto mgongoni. Hicho cheti kitaandikwa Mama Emelyne?"

Ladislas akatoa simu mfukoni. Gaudensia akakisukuma kigoda kwa mguu, kikamfikia.

"Kaa. Usidhani zimeisha. Bado nina hasira."

"Zitaisha lini?" Ladislas akauliza.

"Ukinioa, labda. Au usiponioa."

"Basi nakuoa, tuone."

"Kwanza andika."

Emelyne alikuwa ameamka, kajifunga khanga ya mama yake inayoburuta chini. Akamwona Ladislas kashika simu, kidole kimesimama hewani, na mama yake kanyamaza makusudi. Akamwonea huruma.

"Mama anaitwa Gaudensia."