Kura ya Mama Vifungo

Kila asubuhi Mama Vifungo huanza kazi kwa kuitia mafuta cherehani yake. Tone moja hapa, tone jingine pale. Kisha hulizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mpaka chuma kilainike. Upande wa pili wa chumba, mume wake hufuta kioo kwa gazeti kuukuu. Mume wake ni kinyozi. Chumba ni kimoja, kazi ni mbili, na katikati hakuna hata pazia. Nywele za wateja huruka mpaka kwenye vitambaa. Nyuzi za vitambaa huruka mpaka kwenye vichwa vya wateja. Wamezoea.

Jina la Mama Vifungo lilitokana na chupa kubwa iliyo juu ya meza yake. Imejaa vifungo vya kila rangi. Mtu akikatikiwa na kifungo mtaani, anajua pa kwenda.

Asubuhi moja, uchaguzi ukikaribia, gurudumu halijazunguka hata mara mbili, mlango ulisukumwa kwa bega. Aliingia mwanamume mwenye kofia mpya. Mtaani wanamwita Spika, kwa sababu hajui kunong'ona. Alikuwa akikipigia kampeni chama cha Daraja. Alishika picha ya mgombea na kopo la gundi. Bila kuuliza, aliibandika picha katikati ya kioo.

"Spika, ndugu yangu," kinyozi alisema, "sasa wateja watajitazama wapi?"

"Watamtazama mheshimiwa. Kwani wao wana sura gani?"

Kinyozi alicheka. Spika naye alicheka, mpaka chupa ya vifungo ikatikisika. Kisha akauliza, "Nyumba hii nihesabu kura ngapi?"

"Mbili," kinyozi alijibu. "Yangu na ya mama watoto."

"Safi!" Spika aliacha kofia mbili juu ya kiti, akaondoka kama alivyokuja.

Mguu wa Mama Vifungo ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, lakini haukukanyaga. Kura yake ilikuwa imekwisha hesabiwa, na hakuna aliyemtazama.

Alikumbuka uchaguzi uliopita. Wakati ule hakujua kusoma. Mume wake aliingia naye kwenye kibanda cha kupigia kura, awe msaidizi wake. Mama Vifungo aliweka kidole kwenye alama ya chama cha Kengele. Mume wake akaweka tiki kwenye Daraja.

"Hapo hukuelewa," alimnong'oneza. "Sisi ni watu wa Daraja tangu enzi za baba."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfuta mwenzake doa shavuni. Mama Vifungo aliyameza maneno yale. Miaka imepita, na bado hayajashuka tumboni.

Jua lilipopanda, chumba kilijaa. Kitini alikaa fundi bomba, shuka jeupe limemzunguka shingo. Kwenye benchi alisubiri dereva wa lori.

"Mimi safari hii ni Kengele," dereva alisema. "Daraja wamekaa mno. Mtu akikaa mno kwenye kiti, anaanza kudhani alizaliwa nacho."

Kinyozi aliizima mashine. "Na hao Kengele wamefanya nini? Kupiga domo tu! Mimi ni Daraja tangu enzi za baba."

"Na nyinyi Daraja mmefanya nini? Taja kitu kimoja."

"Nitaje? Nianzie wapi?"

"Anzia popote. Mimi sina haraka, lori langu limeharibika."

Kinyozi aliinua mashine juu kama mhubiri. Fundi bomba alijitazama kwenye ukingo wa kioo, pale ambapo picha ya mgombea haikufika. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu bado.

"Jamani, nimalizieni kichwa kwanza!" alilia. "Nitatoka hapa upande huu Daraja, upande huu Kengele!"

Wote waliangua kicheko.

"Kwani wewe ni wa nani?" dereva alimuuliza.

"Mimi sina ujanja. Mgombea wa Kengele ni mtoto wa shangazi yangu. Nikimnyima kura, kwenye vikao vya ukoo nitakaa mlangoni na viatu."

Wakati huo Mwalimu alikuwa ameingia kuchukua sketi yake. Mwalimu hufundisha watu wazima kusoma, jioni, kwenye shule ya mtaa. Mama Vifungo ni mwanafunzi wake. Majuma hayo Mwalimu alikuwa akitoa pia elimu ya mpiga kura, nyumba kwa nyumba.

"Nimewasikiliza tangu mlangoni," Mwalimu alisema. "Mmoja anapiga kura kwa sababu ya baba. Mmoja kwa sababu amechoka. Mmoja kwa sababu ya shangazi. Na wewe dada, unaonaje?"

Alikuwa akimtazama Mama Vifungo.

"Mama watoto yuko na mimi," kinyozi alijibu.

"Shemeji, nimemuuliza yeye."

Mama Vifungo aliikunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mfereji," alisema kwa sauti ndogo. "Mfereji wa nyuma. Mvua ikinyesha unafurika, maji yanaingia humu. Msimu uliopita yalilowesha nguo za watu. Zingine zilikuwa za harusi. Nataka kujua nani atauchimba vizuri na kuufunika."

Dereva alijikuna kidevu. Fundi bomba alisema, "Mimi kazi yangu ni maji, na sijawahi kuliwaza hilo!"

"Basi hilo ndilo swali," Mwalimu alisema. "Shemeji, ulipokuwa unanunua hiyo mashine ya kunyolea, ulinunua rangi yake?"

"Rangi? Niliuliza kama inakata. Niliuliza ikiharibika vipuri napata wapi. Nikamtafuta aliyekuwa nayo kabla yangu, nikamuuliza."

"Mgombea naye muulizeni hivyo hivyo. Atafanya nini? Pesa zitatoka wapi? Lini? Na kama alishawahi kuwa na madaraka, alifanya nini nayo? Kila chama kina ilani, yaani ahadi zake zilizoandikwa. Isomeni. Kisha kila mtu aamue kwa kichwa chake. Hata kama ni nusu kichwa kama cha fundi bomba."

Siku ya mkutano wa kampeni, wagombea wote wawili walikuja kwenye uwanja wa shule. Mama Vifungo alikuwa amelifanyia mazoezi swali lake kwa siku nzima, huku akishona. Alinyoosha mkono. Alipewa kipaza sauti. Alisimama.

Watu wote waligeuka kumtazama. Neno halikutoka.

Mume wake alikiona kipaza sauti kikitetemeka. Alikichukua taratibu mkononi mwa mke wake.

"Mke wangu anauliza kuhusu umeme," alisema. "Unakatika sana. Nanyoa watu, mashine inazimika kichwani."

Watu walicheka na kupiga makofi. Wagombea walijibu kuhusu umeme. Mama Vifungo alikaa chini. Kinyozi alimpapasa bega, akiamini amemwokoa.

Ndipo fundi bomba aliponyanyuka. "Mimi nauliza kuhusu mfereji wa nyuma ya maduka. Swali si langu, ila ni zuri."

Mgombea wa Daraja alieleza pesa zitakavyopatikana. Lakini alipoulizwa kwa nini haukuchimbwa miaka yote hiyo, alikunywa maji. Mgombea wa Kengele alikuwa ameutembelea mfereji mwenyewe na kujua mahali unapoziba. Lakini alipoulizwa kuhusu pesa, alijifuta jasho. Mama Vifungo alisikiliza kila neno. Kuna jibu alilolipenda, na kuna jibu alilolitilia shaka. Lakini swali lake lilikuwa limepita kwenye mdomo wa mtu mwingine. Akajiambia moyoni: halitapita tena.

Kesho yake, kinyozi alipokwenda kutengeneza mashine, Mama Vifungo alimwita Mwalimu.

"Mwalimu, mtu akiwa na msaidizi kwenye kura, halafu msaidizi akaweka alama anapotaka yeye, ni sawa?"

Mwalimu alimtazama. Hakuuliza ni nani.

"Hilo ni kosa," alisema. "Msaidizi ni mkono tu. Anaweka alama pale anapoambiwa, na anatunza siri. Mpiga kura ndiye anayemchagua msaidizi, tena msaidizi ni wa yule asiyeweza kusoma au kuona au kushika kalamu. Halazimishwi na mtu. Wewe unasoma, dada. Humhitaji."

"Na wakijua nimempa nani?"

"Watajuaje? Karatasi ya kura haiandikwi jina lako. Ukishaitumbukiza sandukuni, inachanganyika na za wenzako. Hata mgombea hajui. Hata Spika, pamoja na sauti yake."

"Na kofia tulizopewa?"

"Kofia haikufungi. Mtu hatakiwi kukupa kitu ili umpigie kura. Mrudishie. Akikataa, basi ni kinga ya jua tu."

Mama Vifungo alicheka. Kisha akachukua kipande cha kitambaa na chaki ya kuchorea nguo. Mwalimu alichora safu tatu, kila moja na kisanduku kitupu. Ndani ya kila safu aliandika jina la mgombea wa kubuni, na pembeni akachora alama ya chama.

"Weka tiki ndani ya kisanduku kimoja tu. Usivuke mstari, la sivyo kura inaweza kuharibika."

"Kama tundu la kifungo," Mama Vifungo alisema. "Ukivuka mstari, umeharibu nguo."

Alifanya mara ya kwanza, tiki ikavuka mstari. Alifuta. Alifanya tena. Aliporudi kinyozi, kitambaa kilikuwa kimejaa chaki, na mke wake alikuwa anashona kwa kasi, midomo ameibana.

Siku ya kura walitoka pamoja mapema. Foleni ilikuwa ndefu. Kinyozi alimfungulia mwavuli ili jua lisimchome.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia. "Nitakuwa nawe mpaka ndani."

Mfukoni Mama Vifungo alikuwa na kifungo kimoja, na alikuwa akikizungusha kwa vidole.

Walipofika mezani, karani wa kituo aliikagua kadi yake.

"Mama, unahitaji msaidizi?"

"Mimi ndiye msaidizi wake," kinyozi alisema haraka. "Hata mara iliyopita nilikuwa mimi."

"Baba, ninamuuliza yeye."

Mama Vifungo alikishika kifungo kwa nguvu.

"Sihitaji," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia. "Sihitaji msaidizi. Ninajua kusoma."

Karani alimpa karatasi ya kura. Kinyozi alibaki amesimama na mwavuli wake mkononi, hajui auweke wapi.

Ndani ya kibanda palikuwa na kalamu, meza ndogo, na utulivu. Mama Vifungo aliyasoma majina silabi kwa silabi. Aliyasoma tena. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaweka tiki ndani ya mistari, safi kama tundu la kifungo. Aliikunja karatasi kama alivyoonyeshwa, akaitumbukiza sandukuni. Walipompaka wino kwenye kidole, alikitazama kidole kile kwa muda.

Nje, mume wake naye alipomaliza, walianza safari ya kurudi nyumbani. Kwenye kona, mbali na kituo, walikutana na Spika. Siku hiyo hakuvaa kofia, maana muda wa kampeni ulikuwa umekwisha. Lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Kinyozi! Kura zangu mbili zimefika?"

Kinyozi alifungua mdomo. Akamtazama mke wake.

"Mimi niulize ya kwangu," alisema, "na hata hiyo sikwambii. Ya mama watoto si yangu kuisemea. Na kesho upitie dukani, uchukue kofia zako. Picha nitaibandua mwenyewe, wateja wamechoka kunyolewa bila kujiona."

"Haya," Spika alijibu. Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kunong'ona.

Waliendelea na safari. Kinyozi alitembea ameinamisha kichwa. Walipofika kwenye mfereji wa nyuma ya maduka, alisimama.

"Mama watoto," alisema, "mara ile nilidhani nakusaidia. Kweli kabisa. Nilidhani hukuelewa."

Mama Vifungo aliuvuka mfereji kwanza, akageuka, akamtazama usoni. Safari hii sauti haikuwa ndogo.

"Nilielewa, baba watoto. Nilikuonyesha Kengele kwa sababu siku ile nilitaka Kengele. Hukuniuliza kwa nini. Uliweka yako juu ya yangu, nami nikanyamaza, kwa sababu nilidhani asiyejua kusoma hana la kusema. Leo nimempa nani, hiyo ni siri yangu. Lakini ukitaka kujua ninachofikiri, usinijibie. Niulize mimi. Nitasema mwenyewe."