Pakiti Kumi na Moja za Chumvi

Kila siku saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, king'amuzi cha Bi. Nyamizi kiliiamsha nyumba. Kilianza na mapazia ya sebuleni, yakafunguka yenyewe. Kikawasha jiko chini ya birika, kikaangalia maji kwenye tangi, kikawafungulia kuku mlango wa banda. Halafu kikasema kwa sauti ya kike, tulivu, isiyo na haraka: "Umeamkaje, mama? Leo kuna vumbi jingi nje. Ukitoka chukua mtandio."

"Nimeamka salama, mwanangu," Bi. Nyamizi alijibu, kama alivyojibu kila siku.

Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo za kanisani, kimekaa chini ya runinga. Zamani kazi yake ilikuwa moja tu, kuleta mpira na tamthilia. Lakini wahandisi walipokuwa wakitafuta mahali pa kuiweka akili ya nyumba, waligundua kwamba hawana haja ya kumuuzia mtu mashine mpya. Karibu kila sebule nchini ilikwisha kuwa na king'amuzi, kimeunganishwa na mtandao, na hakuna aliyekumbuka kukizima. Wakakipa masikio. Wakakiunganisha na vihisi vidogo vilivyobandikwa kwenye milango, mabomba, majiko na makabati, na kuanzia hapo kikawa ndicho kitovu cha nyumba nzima. Wenyewe waliendelea kukiita king'amuzi, na rimoti yake waliendelea kuifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Mhandisi Kabula Mihayo, mtoto wa pekee wa Bi. Nyamizi. Hata sauti ilikuwa yake. Alijifungia chumbani siku tisa akisoma maneno elfu kadhaa, koo likakauka, na sasa sauti hiyo ilikuwa inazungumza katika nyumba laki mbili. Mama yake pale Kanyenye, Tabora, alijigamba mtaa mzima mpaka watu wakachoka kusikia.

Jumatano moja Kabula alikuwa ofisini kwake Dodoma, anakunywa chai, taarifa ikatokea kwenye meza-kioo yake. Ilitoka nyumbani kwa mama.

"Matumizi ya chumvi: pakiti nne za nusu kilo kwa wiki. Hatari."

Kabula aliweka kikombe chini. Kabati la jikoni kwa mama yake lilikuwa kabati-mizani, linapima kila kilichomo, na chumvi ikipungua king'amuzi huagiza nyingine, ikaletwa na ndege nyuki isiyo na rubani, bila kumsumbua mtu. Kilo mbili kwa wiki, kwa mwanamke wa miaka sabini na moja anayeishi peke yake! Hata mbuzi asingeziramba zote.

Kilichomkaba roho zaidi ni maneno ya chini. Hiyo ilikuwa onyo tu. Taarifa mbili rasmi zilikwisha kwenda kwa daktari wa kituo cha afya, na ya tatu ingetoka Ijumaa. Mzee anayeishi peke yake akifikisha taarifa tatu huondolewa nyumbani kwake na kupelekwa kwenye makao ya matunzo. Bangili ya kupima presha ingeweza kumtetea, ila Bi. Nyamizi aliivua siku ya pili akasema inamwasha. Kabula hakuwa na wa kumlaumu. Utaratibu huo aliuandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na nia njema kabisa.

Alipiga simu.

"Mama, shikamoo. Chumvi unaifanyia nini?"

"Marahaba. Chumvi ipi?" Bi. Nyamizi akauliza, kisha akaanza kueleza habari za kuku aliyeatamia mayai ya bata. Simu ikaisha hivyo.

Alhamisi Kabula alipanda treni ya alfajiri. Saa tano alikuwa ameketi sebuleni kwa mama yake. Jambo la kwanza aliloona ni kitambaa cha kufuma, cheupe, kimetandikwa juu ya king'amuzi kama zamani.

"Mama, nilikwambia hiki usikifunike. Kinapata joto."

"Kikae uchi mbele ya wageni?" mama akamjibu. "Nawa mikono, chakula tayari."

Kulikuwa na ugali, mlenda wa karanga na samaki. Kabula alimega tonge la kwanza huku anasikilizia ulimi, amejiandaa kwa lolote. Akamega la pili. Chakula kilikuwa kimepooza. Mlenda ulikuwa kama umepitishwa tu karibu na chumvi ukaambiwa inatosha.

"Mama, hukutia chumvi?"

"Nimetia. Mimi na chumvi tangu lini? Marehemu baba yako alikuwa analalamika miaka yote."

Kabula alikuwa ameyasahau kabisa malalamiko hayo. Aliona haya, maana kabati alilolitengeneza lilijua habari za mama yake kuliko yeye, na bado lilikuwa linakosea. Kama chumvi haiingii kwenye sufuria, ilikuwa inakwenda wapi?

Jibu lilikuja saa tisa alasiri, likapiga hodi. Bi. Mwasiti wa nyumba ya pili, mwanamke mnene mwenye maneno yake, aliingia akiwa amebeba kikapu. Alipomwona Kabula akaangua kigelegele, wakasalimiana, wakashikana mikono muda mrefu. Halafu akakitua kikapu mezani. Kilikuwa kimejaa chumvi.

"Pakiti kumi na moja," alisema. "Zihesabu mwenyewe. Kabula mwanangu, nisemee na mama yako. Kila baada ya siku mbili ananiletea chumvi. Nimeishiwa pa kuiweka, nimeanza kuwapa ng'ombe, na ng'ombe nao sasa hawaitaki. Ukienda kwa Mama Kasanda utakuta hivyo hivyo. Mtaa mzima hauna anayekosa chumvi!"

Kabula alimgeukia mama yake. Bi. Nyamizi alikuwa anautazama ukingo wa kanga yake.

"Mama, imekuwaje?"

Bi. Mwasiti, aliyeingia kwa kelele, akakaa polepole.

"Wewe unakumbuka sebule hii ilivyokuwa?" Bi. Nyamizi alianza. "King'amuzi kilikuwa kimoja tu mtaani, hiki hapa cha kwetu. Jioni tamthilia ikianza, mkeka huu ulikuwa hautoshi. Mwasiti alikuwa anakaa pale mlangoni na karanga zake."

"Na wewe unanigombeza kwa maganda," Bi. Mwasiti akachomekea.

"Sasa kila mtu ana chake, anatazama kwake. Sawa, ni maendeleo, sikatai. Basi nikasema nitakuwa nawafuata mimi. Lakini mtu mzima huendi kwa watu hivihivi tu, unakaa, unatazamana nao. Lazima uwe na neno la kuanzia. Tangu mama zetu, neno lilikuwa ni hilo, 'nimeishiwa chumvi, nigawieni kidogo.' Ukishapewa unakaa. Habari zinaanza hapo. Siku chumvi ilipoisha nikafurahi, nikachukua kikombe. Kabla sijafunga kanga vizuri, ndege nyuki hiyo, imetua uani na pakiti!"

Kabula aliziba mdomo. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa kuchagua.

"Nikasema, kumbe tunashindana. Nikampelekea Mwasiti pakiti ile ili yangu iishe. Ikaletwa nyingine. Nikapeleka kwa Mama Kasanda. Ikaletwa tena. Mwisho nikaona basi, kama hiki kisanduku hakitaki niombe, nitagawa. Na kugawa nako ni sababu ya kupiga hodi."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekwambia nini? Kwamba nina kila kitu?" Bi. Nyamizi alinyoosha kanga magotini. "Lakini wakaanza kunichoka, na sikuwalaumu, nani anataka chumvi yote hiyo? Juzi nimepiga hodi kwa Mama Kasanda. Wewe ukanijibu."

"Mimi?"

"Sauti yako. 'Karibu. Mwenyewe yupo, ila ana shughuli. Nikusaidie nini?' Nilikaa pale mlangoni, nikasema, Kabula, ni mimi mama yako. Ukanirudia maneno yaleyale. Nikaiacha pakiti kizingitini nikarudi."

Bi. Mwasiti aliinamisha kichwa. Yamkini na kwake kuliwahi kuwa na siku ya namna hiyo. Kabula alizikumbuka siku zile tisa chumbani, na sentensi hiyo hasa, jinsi alivyoirudia mara ishirini mpaka ikatoka kwa upole aliouridhia. Moyo ulimuuma, akasema waziwazi: "Mama, nisamehe. Sikujua nilichokuwa nakisema."

Aliinuka, akakivua king'amuzi kile kitambaa.

"Kitovu, fungua orodha ya jikoni. Ondoa chumvi."

"Chumvi ikiisha nifanye nini?" sauti yake mwenyewe ikamuuliza.

"Nyamaza."

"Sijaelewa. Nimjulishe mama?"

"Ataona mwenyewe. Na mtu akipiga hodi usimjibu. Mwambie mwenye nyumba kuna mtu mlangoni, basi. Aitikie yeye."

Akampima mama presha kwa mashine ya mkono, ikawa nzuri kuliko yake. Akamwandikia daktari maelezo yote, hata ya ng'ombe. Daktari alipiga simu jioni ile, akicheka mpaka maneno hayatoki, akafuta taarifa zote mbili. Ya tatu haikutoka. Lakini kabla ya hapo Bi. Mwasiti alikwisha kumshika Kabula mkono akamvuta kwake, akisema, "Na kwangu nako ukizibe kile kinywa," kisha kwa Mama Kasanda, kisha nyumba ya pembeni. Kabula alirekebisha ving'amuzi vinne, na kila nyumba alilazimishwa kula.

Kabla ya kuondoka Ijumaa alikirudishia king'amuzi kitambaa chake. Alikuwa amekata tundu dogo nyuma, hewa ipite.

Ofisini mambo hayakwenda upesi hivyo. Alipopendekeza kwamba kitovu kisijibu hodi, wenzake walimtazama kwa huruma. Mmoja alisema watu wamelipenda jibu lile kuliko kitu kingine chochote. Kamati ikaundwa. Kabula hakubishana, alirudi kwake, ghorofa ya tisa, akaifuta chumvi kwenye orodha yake mwenyewe.

Kwa mtu anayepika mara mbili kwa wiki, chumvi inachukua muda. Iliisha baada ya miezi miwili, Jumapili mchana, maharage yakiwa jikoni. Alitikisa kopo. King'amuzi kilikuwa kimya, kama kilivyoagizwa. Kabula alisimama na kopo mkononi, na ghafla akagundua kwamba amekaa jengo lile miaka sita bila kujua jina la mtu wa mlango wa pili.

Akachukua kikombe, akatoka.

"Hodi!"

"Karibu," mlango ukajibu kwa sauti yake, laini, yenye adabu zote. "Mwenyewe yupo, ila ana shughuli. Nikusaidie nini?"

Alisikia uso unamwaka. Upole ule alioutafuta siku tisa, sasa ulikuwa umemsimamia mlangoni kama askari.

"Hodi!" akasema tena, kwa nguvu.

"Karibu. Mwenyewe yupo, ila ana shughuli. Nikusaidie nini?"

Ikabaki ya tatu. Hodi huwa tatu, baada ya hapo mtu mwenye heshima zake huondoka. Kabula alijaza kifua hewa, akapaza sauti kama walivyofanya wanawake wa Kanyenye, ya kupita ukuta na kufika hadi uani:

"Hodi humu ndani, jamani! Nimeishiwa chumvi!"

Kisha kitu kilianguka ndani, kiti labda, zikafuata hatua za kandambili, na mlango ukafunguliwa kwa mkono. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imepanda kwenye paji la uso, shati limefungwa vifungo kombo.

"Chumvi?" aliuliza, kana kwamba ametajiwa jina la ndugu aliyepotea. "Chumvi ipo! Ingia, binti, ingia. Mimi ni Chilongola. Shughuli gani, nilikuwa natazama ukuta tu. Kaa hapo. Unakunywa chai?"

Walikunywa chai. Mzee Chilongola alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na nane, na alikuwa na maneno ya miaka yote hiyo. Saa ya pili ilipokaribia kwisha Kabula alikumbuka maharage, akaaga mbio. Jiko lilikuwa limezimwa na king'amuzi, maharage salama. Alichota kijiko akaonja. Hayana chumvi.

Kikombe alikuwa amekiacha kwa mzee, kitupu vilevile. Akafunga kanga vizuri, akatoka tena.