Ufito wa Mnyaa Uliotoka Mstarini

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia kule Misheni ya Mbozi, Jenista alibeba mtungi wake kwenda chemchemi. Miaka hiyo ya Mwingereza hapakuwa na bomba. Mtaa mzima ulikunywa maji ya chemchemi moja, na ndiyo maana wazee waliweka masharti. Kando ya njia ya maji zilipandwa fito mbichi za mnyaa, ule mti wa ua wenye utomvu mkali, mstari mmoja ulionyooka. Bustani ziishie kwenye fito hizo, na mtu asifunge mbuzi hapo. Atakayevunja sharti atanyang'anywa kiwanja, ahame.

Kuyatamka masharti kulikuwa rahisi. Kuyasimamia ndiyo kazi. Mzee Efraimu, aliyechaguliwa kuyalinda, hakuwa na askari wala pingu. Alikuwa na fimbo yake na kikohozi chake, basi.

Asubuhi hiyo, siku moja baada ya nyasi ndefu za njiani kufyekwa, Jenista alisimama ghafla. Ufito mmoja, mbele ya bustani ya Mama Tusekile, ulikuwa umetoka mstarini na kuingia njiani hatua mbili nzima.

"Umeuona?" rafiki yake Nesta alinong'ona. "Ngoja tu, mahindi yake nayo yatafuata."

"Juzi nilimwona hapa na jembe," Jenista akasema. "Aliponiona akainama."

"Watu wa Kamsamba hao! Kule bondeni kila mtu analima anapotaka."

Mama Tusekile alikuwa mjane, amehamia mtaani kutoka Kamsamba mwaka uliopita na mtoto mchanga mgongoni. Akisalimia, watu walisema anajipendekeza. Asiposalimia, walisema ana maringo. Jenista alimwambia baba yake habari ya ufito, baba akamwambia jirani yao Hezron, na kufika jioni wanawake waliokuwa wakitwanga walinyamaza kila alipopita mjane huyo.

Jumamosi Mzee Efraimu aliwaita watu wote pale njiani.

"Apewe siku saba, ahame," Hezron alisema hata kabla ya salamu kwisha.

"Mimi sikuugusa," alisema Mama Tusekile.

"Na jembe je?"

"Nilikuwa nazibua mfereji, maji yasituame njiani. Nendeni mkaangalie."

Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Mzee Efraimu aliinama, akauvuta ule ufito. Ulitoka bila shida. "Wenzake wameshika mizizi, huu hauna hata mmoja," alisema. "Umeng'olewa karibuni. Na hapa pana alama ya kamba." Aliuinua wauone. Gome lilikuwa limechubuka duara, utomvu mweupe umekauka, na manyoya mekundu ya mbuzi yameganda humo.

Jenista aliyatambua manyoya yale. Mbuzi mwekundu pale mtaani alikuwa wa kwao. Wiki mbili nyuma Jenista alikuwa amemfunga hapo, mara moja tu, ili akacheze rede na wenzake. Mbuzi akavuta, ufito ukang'oka. Jenista akauchomeka haraka kwa kukisia katikati ya nyasi ndefu, kisha akajipangusa jicho kwa mkono ule ule. Jicho liliwaka moto! Alikimbilia nyumba ya karibu, ya Mama Tusekile, naye akamwosha na kumdondoshea maziwa. Alipoulizwa, Jenista alisema ni moshi. Siku zote hizo aliamini ufito ameurudisha mahali pake.

Angeweza kunyamaza. Lakini siku saba, na mtoto yule mgongoni, wangekwenda wapi? Alimtazama Mama Tusekile. Mama Tusekile naye alikuwa akimtazama.

"Ni mimi," Jenista alisema, sauti ikikatika. "Nilimfunga mbuzi wetu."

"Unasema nini wewe?" baba yake alishtuka.

"Ni mimi, Baba. Yeye hana kosa."

"Utomvu wa mnyaa naujua, mwanangu," alisema Mama Tusekile taratibu. "Jicho la moshi haliwi vile."

"Sasa mbona hukusema?" Mzee akauliza.

"Mgeni amshtaki mtoto wa hapa, nani angeniamini? Nilingoja aseme mwenyewe. Asingesema leo, kesho ningekuja kwako, Mzee, mniamini msiniamini."

Mzee Efraimu alikohoa. "Haya Hezron, zile siku saba zako, sasa nimpe nani?"

Watu waliangua kicheko. Hezron akaanza kukagua vidole vya miguu yake. Baba yake Jenista alimwendea mjane, akamwomba radhi mbele ya wote.

"Masharti haya tuliyaweka tulinde maji," alisema Mzee, "si tupate mtu wa kumfukuza. Jenista, ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Na sisi wakubwa tuangalie kwanza, ndipo tunyooshe kidole. Tungeangalia mfereji ule, tungeona aliyekuwa akitutunzia njia."

Jenista alilitafuta shimo la zamani, akalikuta limejaa majani. Alilifukua, akasimika ufito mpya, akaushindilia kwa mguu. Jasho likamtiririka usoni, akainua mkono kulipangusa.

Mama Tusekile akaudaka mkono. "We! Kanawe kwanza."